Kitabu cha Picha Nilichokitupa Greenbelt

Nakumbuka Jumamosi moja, zamani kidogo, nywele zangu zikiwa bado nyeusi zote na kichwa kimejaa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili pale Greenbelt, ughaibuni. Mwalimu wa kujitolea, mwanangu, maana siku za kazi nilikuwa nasafisha ofisi kule Upper Marlboro. Lakini Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi tuliokuwa tukiazimwa na wenyeji, nilikuwa mwalimu kamili na shati nimelipiga pasi. Wazazi walitoka kila kona: Wakenya, Wakongo, watu wa Unguja, na sisi wa Morogoro. Kilio chao kilikuwa kimoja. Mtoto anaelewa Kiswahili, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wakaniambia, mwalimu, tuokolee watoto. Nikakubali kuwaokoa, na wala sikuona kama ni kazi kubwa.

Sheria yangu ilikuwa boksi. Niliweka boksi kubwa mlangoni, na kila kitu cha Kiingereza kiliingia humo: simu, michezo, magazeti, vitabu. Mtoto akitoka anachukua chake. Sheria hiyo sikuitunga kichwani mwangu. Kule nyumbani, nilipokuwa sekondari, ukikutwa unaongea Kiswahili badala ya Kiingereza ulivishwa kibao shingoni, ukatembea nacho siku nzima wenzako wanakucheka. Mimi nilikivaa mpaka kamba ikanizoea. Ungedhani mtu aliyepitia hayo angekuwa na huruma. Wapi! Niliichukua adhabu ileile nikaigeuza upande wa pili, nikajiona nimekilipia Kiswahili kisasi.

Kulikuwa na binti mmoja anaitwa Rukia, wa miaka kumi na miwili, mkimya kupita kiasi. Mama yake alikuwa muuguzi na Jumamosi alikuwa kazini, kwa hiyo aliletwa na bibi yake, Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa Tanga aliyekuja kukaa nao miezi michache. Bibi humwacha mlangoni, halafu huenda kutembea hadi muda wa kumchukua. Na huyu Rukia alikuwa na kitabu chake kimoja kinene ambacho hakiingii kwenye boksi hata umkaripie vipi.

Kilikuwa kitabu cha picha, cha hao mashujaa wanaovaa vinyago na kuruka angani. Wewe umezaliwa ukaikuta dunia imeshavizoea, hujui ilivyokuwa. Kabla ya kitabu kile, mambo hayo yalikuwa ya watoto: mwema anampiga mbaya, basi, kalale. Kile kikaja na habari nyingine kabisa. Ndani yake kuna mji wenye shujaa mmoja mwenye nguvu za ajabu. Anaokoa watu kweli, lakini kila akiokoa anavunja nyumba za haohao, mpaka akina mama wa mji wanamwita kwenye kikao wamuulize nani alimtuma. Watu walikipokea vibaya sana, yaani kwa pupa. Ukipanda treni asubuhi unaona mzee mzima na tai yake anasoma katuni bila haya. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa chuoni Annandale aliniambia mhadhiri wao anakifundisha darasani kama vitabu vingine vya maana, nikamcheka hadi akakasirika. Leo ukienda sinema, shujaa gani hana mashaka, hagombani na nafsi yake? Yote yalianzia kwenye vitabu vya namna ile. Ila mimi wakati huo niliona kinyago tu, nikasema upuuzi.

Jumamosi hiyo niliyoanza nayo nikamkuta anakisoma chini ya meza. Ilikuwa mara ya tatu. Nikakichukua mbele ya wenzake wote. Akasimama, akaniambia kwa Kiingereza, haraka haraka, kwamba ndani kuna vitu vyake, nisikiharibu. Nilimsikia vizuri sana, mwanangu. Nilielewa kila neno. Lakini nikainua kidole, nikajifanya sijasikia, nikingoja aseme kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kiingereza. Nikamgeuzia mgongo. Akakaa.

Baada ya darasa sikumrudishia. Nilikibeba pamoja na magazeti ya zamani, nikakitia kwenye pipa la karatasi nyuma ya ukumbi, nikafuta mikono. Nilikwenda nyumbani nikiwa na amani kabisa, nikala na nikapata usingizi wa mchana.

Jumamosi iliyofuata Rukia hakuja. Alikuja Bi Mwanaidi peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi na kukiomba kitabu cha mjukuu wake kwa upole, kama mtu aliyekuja kuchukua sufuria aliyoazimisha. Nikaanza kumweleza habari za nidhamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza yaliyokuwa ndani.

Yeye Kiingereza hakukijua. Kila siku Rukia akitoka shule walikaa pamoja, na mtoto akamsomea kitabu kile kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Neno likimshinda wanalitafuta wote wawili, wanabishana, wanacheka. Wakilipata, Rukia analiandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya maneno ya yule anayesema pichani. Wamefanya hivyo tangu bibi afike. Imebaki sura ya mwisho. Na bibi anarudi Tanga Jumanne, akiwa na moyo mbovu, na daktari ameshamwambia asitarajie kupanda ndege tena baada ya safari hiyo.

Nilikimbilia kwenye pipa nikiwa najua fika kwamba gari la taka limeshapita. Pipa lilikuwa tupu, limeoshwa na mvua.

Kesho yake nikazunguka madukani hadi nikapata nakala mpya, nikaipeleka nyumbani kwao mchana. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba bibi msamaha, hata maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Bi Mwanaidi akakipokea, akakigeuza huku na huku, kisha akakiweka mezani.

"Mwalimu, umeniletea kitabu cha dukani, ahsante," akasema, huku akimtupia jicho Rukia aliyekaa kwenye kona. "Lakini ulichokitupa si changu. Kilikuwa cha yule pale. Wewe ni kama yule mtu wa kwenye hadithi, unaokoa bila kuuliza. Mwombe yeye radhi."

Sijui wewe umelelewaje, mwanangu. Mimi nilikolelewa, mkubwa hamwombi mtoto radhi. Akikosea sana atamnunulia soda, au atamwita jina lake kwa sauti laini, na mtoto ataelewa yamekwisha. Kumtazama mtoto wa miaka kumi na miwili usoni na kusema nimekukosea, hilo sikuwahi kuliona likifanywa na baba yangu, wala na mwalimu yeyote. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Lakini nililisema. Nikasema, Rukia, nimekukosea, nisamehe.

Nikadhani atanijibu kwa Kiingereza, na nilikuwa tayari kupokea chochote.

"Siku ile ulinisikia," akasema, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa, cha bibi yake.

"Nilikusikia."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Nikamwambia ni kiburi. Akamgeukia bibi kumuuliza kiburi ni nini, na Bi Mwanaidi akacheka, akamwambia mtazame mwalimu wako. Tukacheka sote, mimi nikiwa nusu ya kulia.

Kisha Rukia akafungua sura ya mwisho. Alisoma mchana ule wote, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo, taratibu, na mimi kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya karatasi na kuandika anavyosema. Hakuniruhusu kurekebisha neno ila aliponiuliza. Mara mbili aliniuliza, na mara moja sikulijua neno lenyewe, akalijua bibi. Jumanne bibi akasafiri na kitabu kile.

Jumamosi nikamwomba Rukia radhi tena, mbele ya darasa, maana nilimnyang'anya mbele ya darasa. Baba mmoja alinifuata akaniambia nitawaharibu watoto, watatupanda kichwani. Mama mmoja Mkenya akamjibu kabla yangu: "Wacha aombe, si ni yeye alikosea?"

Bi Mwanaidi alifariki hukohuko Tanga mwaka uliofuata. Nilipokwenda nyumbani kwao kutoa pole, Rukia alinishika mkono pale mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili, "Angalau alijua ilivyoisha." Niliketi msibani nikifikiri kwamba nilikaribia kumnyima hata hilo, kwa jina la kukipenda Kiswahili.

Basi wewe unayelea, au unayefundisha, au utakayelea kesho, nakuambia haya nikiwa na hakika nayo. Mtoto akikuambia jambo kwa lugha yoyote na ukamwelewa, mjibu kwanza. Lugha utamfundisha akishajua unamsikia. Usidharau kitabu kwa sababu kina picha, kifungue uone kuna nini, maana huenda mtoto ameweka humo kitu ambacho wewe unahangaika kumpa. Kabla hujamwokoa mtu, muulize. Na ukimkosea mdogo wako, usimnunulie soda. Mwombe radhi kwa mdomo wako, mbele ya walewale walioona.

Mungu akujalie watoto wanaokuambia mambo yao, akupe masikio mepesi kuliko ulimi, na akupe ujasiri wa kuinama mbele ya mdogo wakati bado yupo wa kukusamehe. Amina.