Kikombe Kimoja cha Pumzi Anachokitamani Mbula

Kwa Vonza, kaunti ya Kitui, hakujapambazuka vizuri. Mbula Ndeti anachochea kuni chini ya sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, itakayolisha bweni zima. Moshi unamjia usoni. Anamwachia mwiko Munyao, mpishi mwenzake, na kutoka nje akishika ukuta.

"Mwaitu, kaa hapo kwanza," Munyao anamwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Hii chakula haiendi mahali."

Anakaa, anajaribu wimbo wa kwaya. Katikati ya mstari pumzi inamkatikia.

Mbula, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, amekula moshi wa jiko hili la shule kwa miaka kumi na tisa. Kanisani, yeye ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo: aliimba mstari wa kwanza peke yake, na waumini wote wakamngoja. Siku hizi anaketi benchi la nyuma. Mbele anasimama Katunge, msichana aliyemfundisha mwenyewe.

"Anaimba vizuri, namshukuru Mungu," asema Mbula. "Lakini akianza, roho inaniuma. Siwezi danganya. Hiyo nafasi bado naitaka."

Kikohozi alikificha muda mrefu, akikiita mafua ya vumbi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Heri yake, wimbo ulimuumbua kwanza: alikwama harusini mbele za watu, ndipo akakubali kwenda kupimwa mapafu mjini Kitui.

Huko alimkuta Wamaitha, mhudumu wa kipimo hicho. Alipewa mrija, akaambiwa avute hewa hadi ajae, kisha apulize. Basi Mbula akapuliza kimwanakwaya: polepole, akiibana pumzi imfikishe mwisho wa mstari.

Wamaitha alicheka. "Mama, hapa hatuimbi! Itupe yote mara moja kwa nguvu, halafu uendelee mpaka iishe kabisa."

Hesabu yenyewe si ngumu. Mashine hupima hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza, na hewa yote inayotoka hadi mwisho. Ile ya kwanza hugawanywa kwa hii ya pili. Kwa pumzi ya kwaya, Mbula alitoa lita moja kati ya mbili na nusu, yaani 0.4. Jibu hilo halikuhesabiwa. Alipovuta dawa ya kupanua njia za hewa na kupuliza upya inavyotakiwa, ilitoka lita moja na nusu kati ya mbili na nusu: 0.6. Wamaitha alitaka angalau 0.7.

Kwa kuwa anaongea na mpishi, alitumia vikombe.

"Tugawe pumzi yako vikombe kumi. Sekunde ya kwanza zinafaa kutoka saba ama zaidi. Zako zinatoka sita. Njia zimebana."

"Na hiyo moja itarudi?"

"Sikudanganyi, mama. Pengine haitarudi. Lakini ukitumia dawa na uachane na moshi, tutachunga zile zimebaki."

Mbula alilia njia nzima kurudi nyumbani. Kikombe kimoja tu, na anakitamani kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Sasa shule inajenga jiko lenye bomba la moshi, naye ameomba awe akichambua maharagwe nje. Ombi lingine alilipeleka kwa Katunge, nalo limekubaliwa kwa Pasaka.

"Wimbo nimemwachia," asema. "Mimi nataka tu mstari wa kwanza, kabla wengine hawajaingia. Hizo sita zitanifikisha. Na zikiishia njiani, Katunge atakuwa hapo kando yangu. Atadakia."