Msimu Tuliokula Mbegu

Harufu ya nyasi zilizotoka kufyekwa hunitia njaa mpaka leo. Wageni wanaolala kambini kwetu hapa Karatu hutoka kwenye mahema asubuhi, wakavuta pumzi ndefu, wakaniambia nina bahati kuishi mahali panaponukia hivi. Mimi hutabasamu, kutabasamu ni sehemu ya kazi yangu. Niwaambie nini? Kwamba nilipokuwa na miaka kumi na miwili, masika yote, niliinusa harufu hii hii kila Jumamosi na tumbo tupu, na mwenye kufyeka alikuwa baba yangu mzazi?

Pale penye mahema palikuwa shamba. Eka moja ya udongo mwekundu, mahindi na maharage katikati, mbaazi pembeni. Lilikuwa shamba la mama yangu kwa jasho, ijapokuwa kwa maneno lilikuwa la Baba. Mama alitoka Mbulu, nasi tulimwita Ayo, kama Wairaqw wanavyomwita mama. Baba alikuwa mtu wa Singida, mpishi wa safari. Alikuwa ametembea na magari ya watalii mpaka Serengeti na Engaresero, akajua kuoka mkate kwenye makaa na kukunja kitambaa cha mezani kikawa ndege. Alipochoka kupika kwenye kambi za watu akataka ya kwake. Magari yote yaendayo kreta ya Ngorongoro yanapita mlangoni mwetu, alisema, na sisi tunayatolea macho tu. Akang'oa mbaazi, akasawazisha shamba lote, akapanda ukoka, zile nyasi fupi za bustani. Akajenga vibanda vitatu vya msonge na kuta akazichora mwenyewe: twiga, morani wanaoruka, na simba aliyefanana na mbwa wa jirani. Wageni walimpenda yule simba kuliko vyote. Getini akaandika kwa rangi nyeupe: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli tulipona. Miaka miwili tulikula wali siku za kawaida. Ayo alisema mara moja tu kwamba nyasi ni chakula cha ng'ombe, Baba akacheka, na sisi watoto tukamfuata kucheka.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege. Wiki moja magari yalipita mengi yakikimbilia Arusha, wiki ya pili machache, ya tatu barabara ikawa ya punda na bodaboda. Madereva wa watalii walirudi makwao, wengine wakaanza kuuza vitunguu. Baba hakurudi popote. Aliendelea kufyeka nyasi kwa slesha kila Jumamosi, akafuta vumbi kwenye viti, akapaka rangi upya masikio ya simba. Chakula kilipopungua akakataa kipungue bila heshima. Alitandika kitambaa cheupe, akakunja ndege wanne, mmoja wa mdogo wangu Elia aliyekuwa na miaka minne, akatuletea majani ya maboga yaliyochemshwa kwa chumvi na kuyatangaza kuwa kozi ya kwanza. Elia aliuliza kozi ya pili iko wapi. Baba akamkunjia ndege mwingine. Nilimpenda baba yangu, na wakati huo huo nilitamani kumpiga.

Mvua zilikuwa bado zinanyesha, na hilo ndilo lililomtesa Ayo. Udongo ulikuwa umelowa, majirani zetu wote walikwisha panda, na sisi tulikuwa na eka nzima ya zulia. Alimwomba Baba wailime. Mgeni siku mbili, alimkumbusha, siku ya tatu mpe jembe. Na huyu asiyekuja kabisa je? Baba akasema viwanja vya ndege vitafunguliwa mwezi ujao, na mtu akivunja ukoka hawezi kuurudisha kwa mwaka. Mwezi ujao ukafika. Ayo akaacha kuomba, akaanza kwenda kupalilia mashamba ya watu ili tupate unga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nao wahenga hawakuwa wakitania, maana Elia alikuwa amevimba tumbo na nywele zake zimeanza kuwa nyekundu. Nadhani ni zile nywele zilizomshinda Baba. Alimwambia Ayo achukue kipande cha nyuma ya vibanda, mahali ambapo mgeni hawezi kupaona.

Watu wasioujua ukoka hawawezi kuelewa kazi aliyoifanya Ayo. Jembe lilikuwa likiruka. Alikata, akang'oa mizizi kwa mikono, akaikung'uta na kuitupa mbali, kwa sababu kamzizi kamoja kakibaki kanarudi na ukoo wote. Siku tisa, asubuhi kabla ya kibarua na jioni baada yake, nami nikimsaidia. Mbegu zilikuwa darini juu ya jiko: mahindi yaliyokaushwa kwa moshi, na kibuyu cha maharage ya madoadoa yaliyochanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na kila mwaka alivuna, akaweka akiba, akapanda tena. Hata katika njaa ile hatukuthubutu kukitazama kibuyu. Siku ya tisa alipima kwa macho, akaniambia kesho tunapanda.

Asubuhi ya kesho yake alitangulia kibaruani, tupande jioni. Saa tatu simu ya Baba ikalia. Alikuwa Bura, dereva, rafiki yake wa zamani. Alikuwa na wageni wawili waliokwama muda mrefu kwenye hoteli kule juu Ngorongoro, sasa wamepata ndege, na njiani wangependa chakula cha mchana cha kienyeji. Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Baba alinyooka mgongo. Alichinja kuku wetu wa mwisho, yule aliyekuwa akimpa Elia yai, kisha akasimama jikoni akizungusha macho. Chakula cha kienyeji ni makande, na makande ni mahindi na maharage. Akaniambia, Rehema, panda darini.

Nilijua. Naandika hivi ili nisije nikajificha nyuma ya umri. Nilijua zile ni nini, nilizing'olea ukoka siku tisa, lakini uso wa Baba ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi, na mimi nilitaka ibaki. Nikapanda, nikateremsha mahindi na kibuyu. Tukaosha majivu maji matatu. Baba alisema wageni wakila, Ayo atanunua mbegu bora zaidi dukani.

Gari lilifika saa nane, likasimama getini na halikuingia. Bura akashuka na barakoa usoni. Wageni walibaki ndani na vioo vimefungwa. Mmoja akampiga simba picha kupitia kioo. Bura alisema taratibu, akitazama chini, kwamba wanaogopa kushuka, wameambiwa wasile mahali popote. Baba, ndani ya kofia yake nyeupe ya upishi, akasema anaweza kuwafungashia. Akakimbia, kweli akakimbia, akarudi na sinia hadi mlangoni mwa gari. Mgeni wa kike ndani akatikisa kiganja, kwa adabu, akitabasamu. Gari likageuza.

Ayo alirudi jioni na jembe begani akatukuta tumekaa mezani, kitambaa cheupe, ndege wanne, bakuli limejaa. Hakuna aliyekuwa amekula ila Elia. Aliinama akachukua punje moja ya harage, akaigeuza kwenye mwanga, akayaona yale madoa.

"Baba Rehema," alisema, "umepika shamba."

Hakupaza sauti. Kisha akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu, nikajua ameona majivu kwenye kucha. Akaketi, akala, nasi tukala, maana chakula hakitupwi. Kulipokucha alimbeba Elia mgongoni, akachukua jembe lake, akaenda kwa dada yake Oldeani kwenye mashamba ya kahawa. Alisema anakwenda palizi ya wiki mbili. Hajawahi kulala nyumbani kwetu tena.

Siku hizi magari yanapita usiku na mchana, na Baba ana vibanda saba. Ametulia, amezeeka, anafundisha vijana kukunja vitambaa. Mimi ndiye mwenye kambi kwa kazi zote, na mimi ndiye niliyekipanda ukoka kile kipande cha nyuma mwaka juzi, mahema yalipozidi. Sikumwuliza mtu. Njaa ikitupiga leo itatukuta pale pale ilipotuacha, tofauti ni kwamba sasa tuna intaneti. Mwezi uliopita nilimpelekea Ayo sukari na kanga Oldeani. Elia amekuwa kijana mrefu, meno yake mazuri. Tulizungumza mengi madogo, na nilipoinuka kuondoka akaniuliza kama bado kile kipande chake kipo. Nikasema kipo, Ayo, kinakungoja.

Aliikunja kanga mpya, akaiweka kando. Kisha akasema amepata maharage ya madoadoa kwa watu wa kwao Mbulu, na mvua zikianza atakuja, tupande naye pamoja.

Jana mvua ilinyesha. Leo asubuhi amenipigia kwamba yuko njiani.