Nguzo Mbili za Wodi ya Wazazi

Saruji mbichi ina harufu yake: ya vumbi lililoloweshwa ghafla, yenye ukali mdogo unaokaa kooni. Niliinusa mwezi uliopita kando ya kaburi la mama yangu, huko Kinondoni, wakati mafundi wawili walipokuwa wakikoroga zege la kulifunikia. Sikulia. Nilitazama koleo likipanda na kushuka, kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

Muda mfupi kabla ya hapo, mdogo wangu alikuwa amesoma wasifu wa marehemu, ambao niliuandika mimi. Ulitaja matanki ya maji aliyoyasanifu Kigamboni, makalavati ya barabara za Bunju, na kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuwaongoza wahandisi wa ofisi yake. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa heshima. Wodi ya wazazi ya Mbagala haikutajwa. Niliiacha kwa makusudi, ndugu msomaji, na sababu yake sijapata kumweleza mtu.

Nilikuwa na miaka kumi. Wodi hiyo ilikuwa kazi ya kwanza aliyoisimamia kwa jina lake mwenyewe. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi kwenye kibao cha mbao, nami nililisoma kwa sauti kila tulipokipita. Likizo ile hakukuwa na mtu wa kubaki nami nyumbani, hivyo nilimfuata kazini. Alibeba kopo la chuma lisilo na kitako wala mfuniko, jembamba juu na pana chini, akiwa amelifunga ndani ya kitenge. Kabla zege halijamiminwa, alilijaza katika kopo hilo, akalishindilia kwa kipande cha nondo, kisha akalivuta kopo juu taratibu. Zege likibaki limesimama, alilikubali. Likilala, lilikuwa na maji mengi, na nguzo yake isingekuwa na nguvu.

Mafundi walipata burudani. "Mama Injinia, vitumbua vimeiva?" "Na chai je, bosi?" Mama hakucheka wala hakukasirika. Alipima kwa rula, akaandika.

Siku moja lori la kokoto lilikwama barabarani, akalazimika kwenda kuliona. Aliniketisha kando ya pipa la maji.

"Neema, mtu yeyote asiongeze maji. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Hakuwa amefika mbali alipokuja Mzee Mkude, mkuu wa mafundi, ambaye kila asubuhi alinimegea muhogo wake wa kukaanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akijifuta jasho.

"Mwanangu, zege limekuwa gumu, vijana wanaumia mikono. Ndoo mbili tu. Kwani injinia wetu mdogo si wewe? Toa amri!"

Nikatoa amri. Nilijiona mkubwa kiasi kwamba ndoo ya pili niliibeba mwenyewe, ikanimwagikia sketi.

Mama aliporudi, nguzo mbili zilikuwa zimekwisha kumiminwa. Alijaza kopo kwa zege lililosalia, akalivuta. Likalala lote, likatambaa kama uji.

"Nani ameongeza maji?"

"Hakuna, bosi," alisema Mzee Mkude. "Muulize askari wako."

Mama akanigeukia.

"Hakuna mtu, mama," nikasema.

Alinitazama usoni, akaitazama sketi yangu, kisha akawageukia mafundi. "Bomoeni zote mbili."

"Mama Injinia, mgeni rasmi keshapangiwa siku!"

"Bomoeni."

Kazi ikachelewa. Ofisini alipoulizwa ni nani aliyeharibu zege, alijibu kwamba uangalizi ulikuwa wake. Wakamwondoa. Jina lake lilikwanguliwa kwenye kibao, la mwanamume likaandikwa mahali pake. Hilo sikulisoma kwa sauti. Ilipita miaka mingi kabla hajakabidhiwa jengo jingine.

Jioni ya siku ile ya zege aliifua sketi yangu, akaianika, akanipakulia chakula. Nilidhani hajagundua. Nimekuwa mwalimu, na nimewaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko ule. Ni pale tu mwanangu mwenyewe aliposimama mbele yangu na kunidanganya, uso wake ukisomeka kama ubao wa darasani, ndipo nilipotambua kwamba mama alijua tangu mwanzo, na kwamba alichagua jina lake likwanguliwe kuliko langu kutajwa. Nilitambua na jambo jingine: tangu siku ile hakunipa tena kitu cha kulinda. Hata funguo za nyumba alimwachia mdogo wangu.

Pale makaburini, fundi mmoja aliinua ndoo.

"Acha," nikasema. "Maji yametosha."

"Ni kaburi tu, mama. Halibebi ghorofa."

"Yametosha."

Akaishusha ndoo, akanitazama. "Kwani wewe ni injinia?"

"Hapana. Injinia ni marehemu. Mimi ndiye niliyeongeza maji."

Hakunielewa. Aliendelea kukoroga zege likiwa gumu vilevile, akiguna. Nami niliivuta ile ndoo karibu na miguu yangu, nikailinda mpaka walipomaliza.