Mtu Mmoja Asiyeafiki

Verla Mendenhall hakuwa mwanamke wa papara. Mchana aliwapikia watoto wa shule, jioni akampikia kaka yake Eldon, aliyefiwa na mkewe akabaki na nguruwe wake na mahindi yake, na hivyo ndivyo ujana ulivyompita Verla akiwa ameshika mwiko. Alipokuwa anakaribia sitini, Amos Pickering, seremala, alimposa. Hapo papara ikampata. Alisema ndiyo hata kabla mtu wa watu hajamaliza alichotaka kusema.

Lakini Marafiki wa Iowa, yaani Wakristo wa dhehebu la Wakweka alilolelewa Verla huko Marekani, hawaoani kiholela. Ombi hupelekwa kwenye mkutano wa mwezi, watu huketi kimya kumngoja Mungu awaonyeshe, na kura hazipigwi. Wote wakiafiki, harusi ipo. Mmoja tu akisema hajapata nuru, jambo linalala mpaka mwezi ujao. Novemba mtu mmoja alisimama akasema hajapata nuru. Desemba akasimama tena. Mtu huyo alikuwa Eldon.

Cha kuudhi ni kwamba hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwa watu wale, aliyenyamaza huenda anamsikiliza Mungu, na kumchokonoa ni utovu wa adabu. Basi Verla akaendelea kumkaangia kaka yake mayai kila asubuhi, naye Eldon akaendelea kuyala, na jambo lililokuwa linawaunguza wote wawili likakaa katikati ya meza pamoja na chumvi. Eldon akiomba siagi, Verla alimpa siagi. Ningekuwa mimi ningemmwagia kahawa.

Amos alikuwa mcha Mungu, ila subira yake ilikuwa na mwisho. Jumamosi moja ya Januari, siku moja kabla ya mkutano, yeye na Verla walikaa ndani ya pikapu yake, hita inanguruma.

"Twende kwa hakimu Jumatatu atuoze," alisema. "Dakika kumi, tumemaliza."

"Nataka kuolewa mbele ya watu wangu, Amos. Nimemwomba Mungu aniongoze kupitia kwao. Siwezi kumwomba halafu nimtoroke."

"Unamngoja Mungu, au unamngoja Eldon?"

"Sijui," Verla alisema. "Natamani ningejua."

"Mimi ni mzee, Verla. Tukiendelea hivi nitakuja kukuoa na mkongojo."

"Basi njoo na mkongojo wako."

Verla alicheka peke yake. Amos alisema kesho ndiyo mara yake ya mwisho kuketi kwenye lile benchi akisubiri kukataliwa, na Verla akajua kwamba hatanii.

Kesho yake theluji ilifika magotini, lakini mabenchi yalijaa. Ruthanna Haworth, karani wa mkutano, alilisoma ombi lao kwa mara ya tatu, na kimya kikatanda. Kuni zilitatarika ndani ya jiko la kupashia joto. Mtu mmoja alikohoa akajuta. Verla alijaribu kuomba, lakini maombi yake hayakwenda mbali. Yaliishia kwenye viatu vya Eldon, benchi la mbele. Vikitulia pale chini, ana mume. Mwenyewe akisimama, hana.

Eldon akasimama. "Ruthanna, sijapata nuru."

Akaketi. Amos akachukua kofia yake.

Ndipo Verla alipoinuka. Katika mkutano ule mtu husema na karani, hasemezani na mwenzake, na hilo alilijua tangu utotoni. Hata hivyo akamgeukia kaka yake.

"Eldon, una neno gani na Amos?"

"Sina neno na Amos."

"Basi unalo na mimi."

"Wala." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Tangu uniambie habari hii namwomba Mungu anionyeshe nitaishije peke yangu kwenye ile nyumba. Nikitoka bandani, nani atakuwa amewasha taa. Hajanijibu. Nikaona kama hajibu, basi amekataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Hasira ya miezi yote ile ilimpanda Verla, na huruma ikaipanda juu yake, na mdomo wake ukafunguka kusema basi, nitabaki. Alikuwa amezoea kusema hivyo maisha yake yote. Akajichunguza kama ni Mungu anayemtuma kulisema neno lile, akakuta ni mazoea tu. Akaufunga mdomo, akaketi. Hajapata kufanya jambo gumu kuliko hilo, maana hakujua kaka yake atafanya nini, wala Amos, wala Mungu.

Kimya kikarudi, kirefu kuliko cha kwanza. Amos alikuwa bado ameshika kofia, lakini hakwenda popote.

Eldon akasimama tena, taratibu, ameshikilia mgongo wa benchi.

"Ruthanna, bado sijajibiwa. Nitaendelea kumngoja Mungu, lakini huko kungoja ni kwangu mimi. Verla asifungwe nako."

Ruthanna akauliza kama Marafiki wanaafiki. Sauti zikajibu moja moja kutoka kila benchi, naafiki, naafiki, mpaka ikabaki moja tu. Amos aliitazama sakafu. Verla alifumba macho.

"Naafiki," Eldon alisema, akaketi. Na Verla, aliyelisubiri neno lile kwa usiku mwingi wa maombi, alilipokea akilia kama mtu aliyefiwa.