Mikono ya Shangazi Nyuma ya Ukumbi

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Oktoba, shangazi yangu aliamka saa kumi alfajiri. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana alikuwa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, akipiga pasi mashuka na makoti ya madaktari. Saa nane na nusu aliingia katika ukumbi wa mtaa akiwa na viatu vya mazoezi mkononi, na tangu hapo hakuketi mpaka saa kumi na mbili jioni, alipolazimishwa kuketi. Kuketi huko ndiko kulikoharibu mambo.

Mtaani anajulikana kwa jina la Mama Hatua. Ajira yake wakati huo ilikuwa udobi. Kikundi cha maigizo anakiongoza kwa mapenzi tu. Yeye ndiye anayechagua mchezo, anayegawa sehemu, na anayetunga kila hatua ya ngoma zinazounganisha onyesho moja na jingine. Kazi hiyo hakuisomea. Alipokuwa msichana alicheza katika kikundi cha kiwanda alikoajiriwa babu yangu. Kiwanda kilipofungwa, kikundi nacho kikafa, naye akaanzisha chake uani kwa mwenye nyumba wake, akiwa na wachezaji wanne na redio moja. Mwenye nyumba alivumilia kwa sababu mke wake alikuwa mmoja wa hao wanne.

Mwaka wa Jumamosi ninayoisimulia, kamati ya ukumbi ilikuwa imeruhusiwa kuajiri mwalimu wa sanaa. Ingekuwa kazi ya kila siku, yenye meza, ufunguo na saa za kueleweka. Haikuwahi kuwepo kazi kama hiyo katika mtaa wetu, na shangazi aliitaka kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Bega lake la kulia lilikuwa limechoshwa na pasi. Zaidi ya hapo, alitaka walau mara moja aulizwe kazi yake ni ipi, ajibu bila kuongeza neno “lakini”. Kamati ilisema ingekuja kutazama onyesho la Oktoba, kisha iamue.

Sasa lazima nieleze namna anavyofanya kazi, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki.

Katika onyesho lao la kwanza, miaka mingi iliyopita, redio ilizimika katikati ya ngoma. Wachezaji wakasimama kama nguzo. Shangazi, aliyekuwa nyuma ya watazamaji, akapanda juu ya benchi na kuanza kuwaongoza kwa mikono. Mkono mmoja juu: geukeni, tokeni. Mikono yote miwili ikipungwa: pigeni magoti. Onyesho likaokoka. Tangu siku hiyo hakuna mchezo uliochezwa bila yeye kusimama juu ya benchi nyuma ya ukumbi, akiinua na kushusha mikono. Watazamaji walimwona tu walipotoka kwenda msalani. Wachezaji hawakumwona kama kitu cha ajabu. Walijifunza kutazama juu ya vichwa vya watu, moja kwa moja hadi ukutani, na wengi walidhani ndivyo waigizaji wote duniani wanavyotazama.

Jioni ile, dakika chache kabla ya pazia kufunguliwa, mwenyekiti wa kamati alimshika shangazi mkono. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu. Watu wote humwita Bibi, na nusu ya wachezaji wetu walizaliwa mikononi mwake.

“Njoo ukae na sisi hapa mbele, mwanangu.”

“Bibi, mimi huwa nakaa nyuma.”

“Leo wewe ni mgeni wetu. Mgeni anakaa nyuma?”

Shangazi hakuwahi kumkatalia mtu mzima mbele ya watu. Akaketi. Mimi nilikuwa kwenye swichi za taa, pembeni mwa jukwaa, na nilimwona akiweka mikono mapajani kama mtu aliyebebeshwa kitu cha kuvunjika.

Mchezo ulihusu baba anayewaita watoto wake wote awagawie nyumba kabla hajafa. Baba alichezwa na kinyozi wa mtaa, mtu mwenye sauti nene na kumbukumbu nzuri. Watoto walikuwa tisa, nao ndio waliocheza ngoma. Onyesho la kwanza la mchezo huo lilipita salama, kwa mazoea tu. Katika la pili, mlinzi wa ukumbi, anayeitwa Bwana Funguo, aliona joto limezidi. Akapanda juu ya benchi lililokuwa tupu kule nyuma kwenye mwanga hafifu, akanyoosha mkono kuvuta kamba ya dirisha la juu.

Kinyozi alikuwa amefika penye maneno mazito. “Wanangu,” alisema, “nimewaita hapa ili mnisikilize.”

Watoto wote tisa wakageuka kwa pamoja, kwa hatua safi kabisa, wakatoka.

Kinyozi alibaki peke yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akawageukia watazamaji. “Mnaona watoto wa siku hizi? Hata sentensi sijamaliza.”

Ukumbi ukacheka. Wachezaji wakachungulia kutoka nyuma ya pazia, wakarudi mmoja mmoja, na kama walivyozoea wakatazama nyuma ya ukumbi kupata maelekezo. Bwana Funguo, alipoona watu tisa wakimkodolea macho, akadhani anatuhumiwa jambo. Akapunga mikono yote miwili kuonyesha kwamba yeye hahusiki.

Wakapiga magoti.

“Angalau mnaniheshimu,” kinyozi alisema. Akiba yake ya maneno ilikuwa imekwisha.

Shangazi angeweza kubaki alipoketi na kuliacha onyesho lianguke, au asimame na kumwonyesha kila mtu, kamati ikiwemo, kwamba kikundi chake hakitembei bila yeye. Aliinuka. Alipita katikati ya viti kwa mwendo wa kawaida, vichwa vikimfuata safu kwa safu, hadi kwenye benchi.

“Kaka, shuka hapo.”

“Dada, mimi nilikuwa nafungua dirisha tu.”

“Najua. Shuka.”

Mchezo uliendelea na kumalizika vizuri, ila nusu ya watazamaji waliutazama wakiwa wamegeuza shingo. Makofi yalikuwa mengi. Sikujua, na nadhani hata wao hawakujua, walikuwa wakipigia upande gani.

Baadaye kamati ilikaa naye katika chumba cha kuhifadhia viti. Bibi hakuzungukazunguka.

“Ukiugua, nani anawaongoza?”

“Sijawahi kuugua siku ya onyesho, Bibi.”

“Sikuuliza hilo. Sisi tunatafuta mwalimu. Leo tumeona dereva, tena dereva mzuri. Nafasi hatumpi mtu mwingine. Tutakuja tena mwaka ujao, mwezi kama huu.”

Shangazi alisema asante, akakunja nguo za maigizo, akaenda nyumbani. Mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufuta mafuta vidoleni.

“Sasa wamekosea wapi?” aliuliza.

“Nani kasema wamekosea?”

“Basi chakula kipo jikoni.”

Kwa wiki mbili hakuitisha mazoezi. Wachezaji waliamini amesusa. Kinyozi alisema waziwazi kwamba yeye angesusa mwezi mzima. Alipowaita tena, alifanya jambo ambalo hawakulielewa. Aliweka kiti katikati ya ukumbi, akakigeuza kuelekea mlangoni, akaketi akiwa amewapa mgongo.

“Mama Hatua,” kinyozi alisema, “umetukasirikia?”

“Sijawakasirikia. Nasikiliza miguu. Anzeni.”

Walianza, wakagongana. Walianza tena. Binti anayeuza mitumba sokoni, mchezaji wetu mwepesi kuliko wote, akasimama na kushika kiuno.

“Sasa tumtazame nani?”

“Tazamaneni.”

“Tukitazamana tutacheka.”

“Chekeni mmalize, halafu mcheze.”

Walicheka kwa muda mrefu. Kisha, kwa shida, wakaanza kujifunza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwafundisha: kusikia pumzi ya aliye karibu, kugeuka kwa sababu mwenzako amemaliza kusema. Kwa shangazi ilikuwa vigumu zaidi. Mikono yake iliinuka yenyewe. Miezi ya mwanzo aliikalia, na alipotoka mazoezini viganja vilikuwa na alama za ubao wa kiti. Kuna jioni tulipokuwa tukifunga madirisha aliniambia, bila kunitazama, “Nilikuwa nikisema nawasaidia. Kumbe nilitaka nami niwemo.” Nikaendelea kufunga madirisha.

Kufikia Machi alikuwa akitoka nje kabisa wakati wa mazoezi na kurudi mwishoni kuuliza nani alichelewa. Walimwambia ukweli, wakati mwingine kwa kusutana. Mwezi Mei, kinyozi na yule binti walibishana naye kuhusu hatua ya kuingilia, wakashinda. Siku hiyo alirudi nyumbani amenuna na amefurahi kwa pamoja, na mumewe hakujua ashike lipi.

Mwaka mmoja baada ya onyesho lile, kikundi kilicheza mchezo mpya mbele ya kamati ileile. Shangazi alikaa safu ya tano, kati ya mama mwenye mtoto na mzee mmoja aliyesinzia, na hakuna mchezaji aliyejua yuko wapi. Kamati ilipiga kura usiku huohuo. Mjumbe mmoja alikataa, wanne walikubali. Tarehe mosi Desemba alianza kazi ya mwalimu wa sanaa wa ukumbi.