Mama Alipoanza Kubaki Nyuma

Mama yangu alikuwa mtembeaji. Wanawake wote wa Newala wa wakati ule walikuwa watembeaji, kwa kuwa sisi tulikaa juu na maji yalikuwa chini bondeni. Lakini yeye, hata akiwa na debe kichwani, ilibidi tumfuate mbio, na njia nzima alikuwa akizungumza. Nilipopata kazi ya ualimu Masasi niliwaona wenzangu wote wazito wa mwendo.

Likizo moja, vita vya ng'ambo ya Ruvuma vikiwa vimepamba moto, mimi na mama tulikuwa tunapanda kutoka bondeni. Niligeuka nimwambie jambo, nikakuta hayupo. Nilisubiri. Alipotokea kwenye kona alikuwa ameinamisha macho, anaweka mguu mmoja, anatulia, kisha anaweka wa pili, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Mama, miguu inauma?"

"Haiumi. Ila siku hizi lazima niiambie iende. Nikizungumza, inasimama."

Tulifika nyumbani kimya. Sikuwahi kupanda mlima ule kimya na mama.

Jioni, tukichambua mbaazi, aliniambia tena. "Mwanangu, kichwa changu kimekuwa tenga. Naweka maneno, yanapita." Jirani aliyekuwa nasi alicheka, akasema sote tunasahau. Mama hakucheka. Kwenye zahanati mganga alimpa dawa ya kuchua magoti, akasema ni umri tu. Magoti yalichuliwa mpaka chupa ikaisha, na mwendo haukubadilika.

Niliomba uhamisho nikarudi Newala kukaa naye. Kaka yangu alikwenda Tanga kwenye mkonge tangu kijana, akaoa hukohuko, kwa hiyo tulibaki wawili. Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Tuliacha nyumba na mikorosho yetu, tukajenga kwenye mistari iliyonyooka, kila nyumba kama mwenzake.

Siku za mwanzo kila mtu alipotea. Wazee waliingia nyumba zisizo zao, na watu wakataniana. Lakini mahindi yalipoota wote walikuwa wamezizoea njia, isipokuwa mama. Aliingia kwa watu, akakaa mekoni na kuanza kupuliza moto. Majirani walimrudisha wakicheka. Baadaye walimrudisha bila kucheka. Mwishowe walimleta mpaka uani wakaondoka, na hakuna aliyekaa nasi tena kuzungumza. Sikuwalaumu. Walikuwa na mashamba mapya ya kulima, na mama alikwisha kuwauliza swali lilelile mpaka majibu yakawaishia.

Mchana mmoja nilirudi kutoka shule nikakuta mlango wazi. Nilimtafuta nyumba hadi nyumba, kisha nikashika njia ya mahame yetu. Paa lilikuwa limeng'olewa, kuta zimeanza kumomonyoka. Mama alikuwa uani, ameinama, anafagia kwa tawi la mkorosho.

Aliinua kichwa, akanitazama, akakunja magoti kidogo kwa heshima.

"Shikamoo," aliniambia.

Mtu mzima akikuamkia huwezi kumwacha hivi hivi.

"Marahaba," nilisema.

"Karibu, mama. Unatoka mbali?"

"Natoka Masasi."

Uso wake ulichangamka. "Binti yangu yuko Masasi, anafundisha. Ukimwona, mwambie simwiti kwa shida yoyote. Aje tu tutembee."

"Nitamwambia."

Alimaliza kufagia, nami nikakaa kizingitini kumsubiri, kwa sababu mgeni hamwondoi mwenyeji kwenye kazi yake. Nilipoona jua limeshuka nilisimama. "Basi nisindikize, mama. Njia ya kwenda kijijini siijui vizuri."

Hilo alilikumbuka. Mgeni husindikizwa. Alitupa tawi, akatangulia, mguu mmoja na kisha wa pili, nami nikafuata nyuma yake taratibu mpaka tukafika. Mlangoni kwetu nilimkaribisha ndani ale chakula kabla ya kurudi kwake, naye akakubali.

Tangu siku hiyo nilijua la kufanya. Kila alipotoroka nilimfuata, nikaamkiwa, nikaitikia, nikaomba kusindikizwa. Niliishi nyumbani kwa mama yangu nikiwa mgeni wake, na jioni nilizungumza naye habari za Masasi, za mwalimu mmoja wa kike ambaye hajambo na anamsalimu sana.

Vita vilikwisha, wakimbizi wakavuka mto kurudi kwao. Mama hakuweza tena kutembea. Alifariki asubuhi ya mvua, mimi nikiwa mekoni nampashia uji.

Kaka alifika kutoka Tanga tukiwa tumekwisha kuzika. Alikaa mkekani, akaniuliza kama mama alikuwa akimtaja.

"Alikutaja," nilimjibu. "Mara nyingi."

Akalia, nami nikaenda kuchochea moto, maana matanga yalikuwa na watu na chakula kilikuwa bado.