Yasini ya Magharibi

Mwaka niliopata diploma ya shule ya jioni, vita vilikuwa vimeshatupangia saa za kuingia ndani. Ikifika saa moja kila mtu awe kwake, kwa hiyo shule yetu ya jioni ilifunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa kumi na moja, ila jina haikubadili. Nilihitimu nikijua mambo yote isipokuwa machache, ambayo niliwaachia wengine wasikose kazi.

Siku moja imamu wa msikiti wetu mdogo wa Buyenzi alishikwa na homa. Desturi yetu, imamu asipokuwepo watu husukumana: tangulia wewe, apana, wewe ndiye mkubwa, apana, wewe una sauti. Mtu hukataa mara mbili, ya tatu huenda mbele akiinamisha kichwa. Mimi niliambiwa mara moja. Nadhani aliyeniambia alikuwa bado hajamaliza sentensi yake nilipokwisha kutoa takbiri.

Wiki hiyo nilikuwa nimehifadhi sura ndefu ya Yasini. Magharibi, hasa miaka ile, ilikuwa swala ya sura fupi, Kulhuwallahu na watu kwenda zao. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja mshona kofia aliyekaa mbali, mtaa wa Kanyosha, na basi la mwisho la kwenda kwao liliondoka mara tu baada ya salamu. Nilijua. Alikuwa akitukumbusha kila siku. Nikaanza Yasini.

Katikati nikakwama. Watu arobaini nyuma yangu, wote wana Yasini kichwani tangu utoto, wakanyamaza kama visamaki vya ndagala vilivyoanikwa, wakimwomba Mungu nikate tamaa nirukuu. Ndipo sauti ndogo ikanipa aya inayofuata. Ilikuwa ya mshona kofia. Nikaendelea. Nikakwama tena, akanipa tena. Mara ya tatu vilevile. Tukaimaliza yote, na nilipogeuka kutoa salamu niliona ndevu za mstari wa kwanza zimeongezeka nusu kidole.

Basi lilikuwa limekwenda.

Mzee akalala kwangu. Kwake hakukuwa na simu, na siku zile mtu asipofika nyumbani kabla ya saa moja, watu hawakuuliza yuko wapi. Waliuliza mwili utapatikana wapi. Mkewe alikuwa peke yake. Mzee aliketi kwenye kitanda changu akivuta tasbihi, wala hakunilaumu, na hilo lilinichosha kuliko lawama.

"Muzee," nikamwambia, "ungenyamaza ningerukuu. Ungeliwahi basi."

"Imamu akikwama, wa nyuma anamufungulia. Hiyo ni kazi ya wa nyuma." Akajivutia shuka. "Kufupisha ilikuwa kazi yako we. Mtume alitufundisha, nyuma yako kuna mugonjwa, kuna muzee, kuna mwenye haja yake. Sasa lala."

Asubuhi bariyeri za askari zilipofunguliwa tukaenda Kanyosha. Uani tulikuta mkeka, na juu ya mkeka majirani waliokuja tangu alfajiri, Waislamu wawili na Wakristo wa mtaa mzima, pamoja na sufuria ya maharage ya namna ambayo mtu haletewi akiwa mzima. Mke wa mzee alikuwa katikati yao, kanga kichwani. Alimtazama mumewe kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umetoka wapi?"

"Kuswali."

"Tangu magharibi?"

"Ilikuwa ndefu kidogo."

"Nani aliswalisha?"

Mzee akayatazama maharage. "Mutu wa Mungu."

Nikaelewa kwamba angenisitiri mpaka kiama. Jirani mmoja alikuwa ameshaanza kunishukuru kwa kumsindikiza mzee. Ilikuwa nafasi nzuri sana ya kunyamaza, na sikuwahi kupata nyingine nzuri kama ile.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilisoma Yasini."

"Yote?"

"Yote."

"Ya magharibi?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. "Yasini tunasomea maiti. Basi musiba tuliuanza saa moja, we kule, mi huku."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa kwa muda mrefu.

"Hawa wamekuja kunililia," akaendelea. "Simama. Waambie we mwenyewe kwa nini hajafa."

Nikasimama. Niliwaambia kwamba mzee hakupatwa na lolote njiani, ila mimi nilitaka watu wasikie nimehifadhi kiasi gani, na yeye akalikosa basi kwa kunisaidia. Nilikuwa nimejiandaa kuongeza mengine, kwa Kifaransa pia, lakini niliona yamekwisha. Nikaketi.

"Usikae," mama akasema. "Gawa chakula."

Nikagawa, wageni kwanza. Mzee alikula sahani mbili za msiba wake. Mimi yalinifikia maharage yaliyogandamana chini ya sufuria, nikayala yote, na mama akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akanimiminia chai.